Ramadhani Shefu Alipoonja Mwenyewe

Mara ya kwanza nilipomwona Shefu, mpishi wetu mkuu, akimpiga mtu, alimpiga kwa upawa wa chuma, katikati ya mgongo, mpaka upawa ukapinda. Akautazama, akaunyoosha kwa goti lake, akausuuza, akarudi kukoroga mchuzi. Aliyepigwa akaendelea kukata vitunguu. Mimi nilikuwa kwenye sinki, povu limenifika viwikoni, wiki yangu ya kwanza katika mkahawa ule wa katikati ya London. Sikujiuliza kwa nini amempiga. Nilijiuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Baadaye nilimkuta yule aliyepigwa kwenye ngazi za nyuma, anakunywa chai. Alikuwa Mtanzania mwenzangu, ila wa bara, mtu wa Mbeya, baba wa watoto, mwenye kifua cha kubebea magunia.

"Pole, kaka," nikamwambia.

"Ah, Kiswahili! Na cha Pemba tena!" Akacheka, kisha akajishika ubavu. "Utazoea, dada. Huyu hapigi mtu, anapiga kosa. Likikukalia mgongoni, basi ndiyo bahati yako."

"Na kosa lenyewe?"

"Vitunguu. Nimekata vinene."

"Vilikuwa vinene kweli?"

"Vinene, dada. Hilo ndilo balaa lake. Hakosei."

Neno hilo, hakosei, ndilo lililolishikilia jiko lile lisibomoke. Kama hujawahi kufanya kazi katika jiko la mkahawa mkubwa, usione ajabu kwamba watu wazima wanakubali kutukanwa na kupigwa. Moto uko kila upande, visu viko mikononi, na kila sahani inayotoka inabeba jina la mtu mmoja. Ukimwamini mtu huyo kwamba anajua, utavumilia mengi. Sisemi ni sawa. Nakueleza jinsi inavyokuwa, ili usije ukatuona wajinga.

Naye alijua. Alizaliwa katika mji wa milimani kusini mwa Meksiko, mama yake akiuza chakula sokoni. Alikuwa akisaga pilipili kwenye jiwe tangu hajafika kimo cha meza, na akizembea mama humgonga vidole kwa mche ule ule wa kusagia. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilibaki vimepinda. Akiwa kijana alikwenda Ufaransa kujifunza upishi wa kifahari, na huko mkuu wake alimkandamiza kiganja kwenye chuma cha moto kwa sababu ya siagi iliyoungua. Alama ilikuwepo bado, mistari ya wavu iliyonyooka, myeupe juu ya ngozi ya kahawia. Wageni wa televisheni walipokuja kumhoji, alikikunjua kiganja mbele ya kamera.

"Hiki ndicho cheti changu," alisema.

Alipofika London, watu hapa waliijua Meksiko kwa jibini iliyoyeyuka na makofia ukutani. Yeye akatandika vitambaa vyeupe, akaweka katikati ya sahani kubwa kijiko kimoja cha mchuzi mweusi. Mteja mmoja akacheka, akauliza kama chakula kimekuja au ni sahani tu. Wakongwe wa jikoni walinisimulia kwamba Shefu alitoka na aproni yake, akamnyanyua kwa kola mpaka mlangoni, akamwacha kwenye mvua na leso shingoni. Siku iliyofuata watu walipiga foleni. Zikaja tuzo, picha za magazetini, mabalozi na wacheza mpira.

Mchuzi wenyewe unaitwa mole. Unatamkwa kama unavyoandikwa, mo-le, kwa hiyo sisi Waswahili hatuna shida nao. Unaanza na pilipili kavu za aina kadhaa, unazichoma juu ya chuma mpaka ziwe nyeusi, lakini zisiungue. Hapo ndipo penye kazi. Kati ya nyeusi na kuungua pana nafasi ndogo kama pumzi, na jiko zima linakohoa wakati unaitafuta. Kisha unakuja ufuta, lozi, zabibu, ndizi mbivu iliyokaangwa, mdalasini, karafuu, na mwisho chokoleti chungu. Vyote vinasagwa, vinapikwa kwa saa nyingi. Shefu hakutia mafuta ya nguruwe wala supu ya nyama, alidai vinaziba harufu, na ndiyo maana mimi niliweza kuuonja.

Tena haupikwi ukaisha. Kila siku mchuzi mpya humiminwa juu ya wa zamani, ndani ya sufuria moja kubwa ya udongo, na sufuria haikauki. Tuliiita mama. Mama yule alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho, ambaye tayari anasoma sekondari.

Nilitoka kwenye sinki kwa sababu ya kikohozi. Shefu aliona kwamba pilipili zikikaribia kuungua, mimi hukohoa kabla ya wengine. Siku moja alinivuta kwa mkono mpaka kwenye mama, akanipa kijiko.

"Unasikia nini, senyora?" Ndivyo alivyoniita, bibi kwa Kihispania chake.

"Karafuu imezidi kidogo. Halafu ndizi haikuiva vizuri."

Akaonja, akafumba macho. Akafumbua, akaitupa blenda ukutani, maana ndizi kweli haikuiva. Vipande vya plastiki viliruka mpaka kwenye unga. Mimi kesho yake nikapewa aproni nyeusi ya wapishi.

Kisha yakaja yale maradhi yaliyofunga dunia nzima. Mkahawa ukafungwa. Shefu mwenyewe akaugua, akalazwa, akapona. Tulipofungua tena alikuwa amekonda, na alikuwa na desturi mpya: kabla hajasema lolote juu ya mole, husimama karibu yangu na kuuliza, "Senyora, unasemaje?" Mimi nikisema tamu, naye husema tamu. Nikisema chumvi, husema chumvi, kisha humtafuta aliyetia. Niliona ni heshima nimepewa. Nyumbani Croydon, kusini mwa London, nilimwambia mama yangu kwamba bwana mkubwa anauliza maoni yangu, na mama akafurahi, akawapigia simu jamaa wote.

Ramadhani ilipoingia, siku ya kwanza nilimwambia mapema, "Shefu, mwezi huu onja wewe. Mimi nimefunga."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Kwetu mpishi aliyefunga hapiki kwa kubahatisha. Mama zetu hupika futari ya nyumba nzima kwa kunusa, kwa kutazama rangi, kwa kusikiliza mafuta yanavyolia. Ikibidi sana, mtu hugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Basi siku ile pua yangu iliniambia pilipili zimeungua. Harufu ilikuwa kali, ya kukwaruza koo. Shefu akachota, akameza.

"Safi," akasema.

Nilidhani anatania. Nikagusa kwa ncha ya ulimi, nikatema kwenye karatasi. Ulikuwa mchungu kama shubiri. Nikainua macho, nikamkuta ananitazama usoni. Alikuwa anausoma uso wangu, kama mtu asiyejua kusoma anavyomtazama anayemsomea barua yake. Hapo nikaelewa. Ulimi wake ulikuwa umekufa, na pua yake pia, tangu maradhi. Muda wote ule alikuwa anaonja kwa kinywa changu.

Nikasema polepole, "Tuumwage huu, Shefu. Tuanze upya." Tukaumwaga.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote nilizopata kuziona. Mimi nilinusa na kuangalia rangi, lakini jiko lina sufuria nyingi na pua yangu ni moja. Yeye akawa anakisia, na kisio lake likawa ngumi. Mpishi wa samaki alipigwa sufuria ya usoni kwa mchuzi ambao haukuwa na kasoro. Nyusi yake ilipasuka na damu ikadondokea kwenye barafu ya samaki. Alivunja mlango wa friji kwa teke. Alimrushia mhudumu kisu kidogo, kikakwama kwenye ubao karibu na sikio lake, naye mhudumu akaondoka na koti lake mkononi, hakurudi tena.

Mtu wa Mbeya ndiye aliyeandamwa zaidi. Kazi yake ilikuwa tortiya, zile chapati nyembamba za mahindi. Mahindi huchemshwa na chokaa, jamaa ya ile tunayopaka kwenye tambuu, yakasagwa, yakatandazwa kwa viganja, yakaokwa juu ya chuma kipana cha moto. Alikuwa akizigeuza kwa vidole vitupu. Katika jiko lile hakuna aliyekuwa na mikono kama yake, na alijua.

"Nyie wa visiwani mahindi mnayaona kwenye picha," alizoea kunitania. "Njoo nikufundishe chakula."

"Wewe umeletewa mahindi ya Meksiko London ndiyo unajiona mkulima," nami nikamjibu.

Utani ukaisha. Jioni moja nilikuwa nafuturu kwenye ngazi za nyuma, tende na maji, akaja kukaa karibu yangu. Shefu alikuwa amempiga teke la goti, eti tortiya zina uchungu wa chokaa.

"Onja, dada. Wewe sasa unaruhusiwa. Niambie ukweli."

Nikala. Ilikuwa tamu, laini, ya kunukia mahindi.

"Haina kitu, kaka. Nzuri kabisa."

Akasugua goti lake. "Zamani nilikuwa najua nimekosa wapi. Napigwa, kesho sirudii. Sasa nirekebishe nini? Ananitazama mikono, dada. Siku nzima ananitazama mikono."

Nilitaka kumwambia. Lakini nililelewa kwamba aibu ya mtu inasitiriwa, na mwenye aibu huambiwa mwenyewe kwanza, faragha. Nilimweleza mama yangu usiku ule bila kutaja mengi, akasema, "Mwite pembeni. Usimvue nguo mbele za watu." Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza kama wenzake waliozaliwa huku, alisema tupige simu polisi na tusilete mashairi.

Nilifuata neno la mama yangu. Asubuhi nilimkuta Shefu stoo, kati ya magunia ya mahindi, nikafunga mlango.

"Shefu, najua kwamba husikii ladha. Si dhambi, ni maradhi. Wapo madaktari wa kuuzoeza upya ulimi na pua. Na mimi nipo, nitakuonjea baada ya magharibi, na mchana tutapika kwa pua. Lakini acha kuwapiga watu kwa makosa usiyoyaonja."

Alinishika aproni kwa mikono miwili, akanisukuma kwenye rafu. Mtungi wa karafuu ukaanguka, ukapasuka miguuni mwetu. Uso wake ulikuwa karibu mno, na sauti yake ya chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna. Ukisema, nitakivunja hicho kinywa."

Kisha akaniachia, akainyoosha aproni yangu pale alipoikunja, akatoka akikanyaga karafuu.

Wiki ile ile alikuwa amealika wapishi wenzake wakubwa kwa chakula cha mchana, kusherehekea miaka ya mkahawa. Walikuwa watu waliojua ladha, si wacheza mpira. Aliamua kuchoma pilipili mwenyewe mbele yetu, kama alivyofanya zamani. Alisimama juu ya chuma, mgongo umenyooka, na kwa muda kidogo nilimwona yule mtu wa mwanzo. Mikono yake ilikumbuka kila kitu. Ila mikono hainusi.

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Wengine wakaanza.

"Shefu," nikasema, "zimeungua."

Jiko lote lilisikia. Alinitazama, akazichukua pilipili zile, akasaga, akapika. Mchuzi ulipokuwa tayari aliubeba mwenyewe kwenda kwenye mama. Nikasogea mbele ya sufuria. Akanipiga kikumbo cha bega, nikajigonga kwenye meza, naye akaumimina wote. Miaka yote ya mama ikaingia uchungu mara moja.

Sahani zikatoka. Hazikukaa sana. Mhudumu akarudi nazo mikono yote miwili, akaziweka kwenye kaunta. Mole haikuguswa ila mchirizi mmoja wa kijiko katika kila sahani.

Nilimwona Shefu akizihesabu kwa macho. Kisha akageuka, anatafuta mgongo wa kuuwekea kosa. Akamwona mtu wa Mbeya, ameinama kwenye chuma chake, anageuza tortiya.

"Wewe. Chokaa tena."

"Hapana, Shefu. Leo nimesuuza mahindi mara—"

Alimshika kifundo cha mkono, akauzungusha mpaka mtu wa Mbeya akapiga goti. Akakikunjua kile kiganja kwa nguvu, kidole baada ya kidole. Nilijua anachokwenda kufanya. Sote tulijua, maana tulishakiona kile cheti.

Alikibandika kiganja kwenye chuma.

Sitaeleza sana ile sauti. Ukishapika nyama umeisikia. Mtu wa Mbeya hakupiga kelele kwanza. Alivuta pumzi, ikaenda ndani, ikakataa kutoka. Mimi nilikuwa nimeshafika. Nilijitupa kwa uzito wangu wote, nikamvaa Shefu ubavuni, akayumba, kiganja kikabanduka na ngozi ikabaki kwenye chuma, inatoa moshi. Ndipo kelele ikaja. Shefu akageuka na kiwiko chake kikanipata mdomoni. Nilisikia jino likisogea. Kinywa kikajaa damu, nami nikatema sakafuni, mara ya kwanza na ya pili, maana hata wakati ule nilikumbuka kwamba nimefunga.

Akainua mkono tena. Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza, ili kila mtu asikie:

"Hasikii ladha! Tangu alipougua hasikii kitu chochote. Pilipili ameziunguza yeye. Hakuna aliyekosea hapa. Hakuna aliyekosea mwezi huu mzima."

Safari hii jiko zima liligeuka.

Mpishi wa samaki, mwenye mshono kwenye nyusi, alizima moto wake. Mwingine akazima. Moto ukazimwa jiko zima, mmoja mmoja, mpaka tukasikia kelele za magari nje. Nimefanya kazi pale miaka mingi na sikuwa nimewahi kuyasikia magari.

Shefu alisimama mkono juu. Kisha akaushusha, akaliendea bakuli la chumvi, akachota kwa kiganja, akatia kinywani. Akatafuna. Akachukua pilipili mbichi, akaila nzima na mbegu zake, kisha nyingine. Machozi yakamtoka, jasho likamtiririka, midomo ikavimba.

"Nasikia moto," alisema. "Moto tu. Hamna kitu kingine ndani yake."

Akachota mole kutoka kwa mama, akanijia na kijiko.

"Senyora. Niambie."

Nilitikisa kichwa. Kinywa changu kilikuwa kimejaa ladha ya damu. Hata ningekubali, nisingeweza kumwambia kitu. Nikamwonesha kwa kidole. Mtu wa Mbeya alikuwa kwenye sinki langu la zamani, mkono chini ya maji ya baridi, amekunja uso. Shefu alimwendea, akamnyooshea kijiko. Wapishi wawili walisogea kumzuia, lakini mtu wa Mbeya alikichukua kwa mkono wa kushoto, akaonja. Alichukua muda wake.

"Imeungua, Shefu."

"Ndiyo, Shefu," akasema Shefu.

Jibu hilo ndilo tulilokuwa tukimpa yeye kila siku, sote, kwa kila amri na kila tusi. Mimi sikuwahi kumsikia akimpa mtu mwingine. Akaishika sufuria ya udongo kwa masikio yake mawili, akaibeba peke yake mpaka kwenye sinki la mwisho, akammwaga mama. Mchuzi ulichukua muda kuisha, mzito, mweusi. Alibaki ameshika sufuria tupu mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Magharibi ilitukuta hospitali, kwenye viti vya plastiki. Mkono wa mtu wa Mbeya ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Alinifungulia chupa ya maji kwa meno, akanipa.

"Futuru, dada. Samahani, tende sina."

Nikasukutua kwanza, kisha nikanywa. Maji yaliuma kwenye fizi, na yalikuwa matamu sana.

"Sasa ugali utasonga vipi?" nikamuuliza, maana nilimwona anataka kulia na sikutaka aanze peke yake.

"Nitaoa Mpemba anisongee."

"Mpemba atakupikia muhogo na utakula."

Alicheka, akakunja uso. Wakaja polisi wawili, mwanamke na mwanamume, wenye adabu. Walimuuliza kama anataka kutoa maelezo. Wakati ule simu yake ilikuwa inalia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe kutoka kwa wakubwa wa mkahawa, wakisema Shefu mwenyewe aliunguzwa ujanani na akawa alivyo, wakisema atunziwe sitara, ni mgonjwa. Neno hilo la sitara walilitumia kwa Kiingereza, lakini nililijua. Nilimtazama. Sikumwambia lolote, kwa sababu mkono ulikuwa wake.

Alikitazama kile kifurushi cha bandeji kwa muda.

"Yeye alikipokea, akakihifadhi miaka yote hiyo, halafu akanipa mimi," aliniambia kwa Kiswahili. "Cheti hiki sikitaki, dada. Mimi sitampa mtu."

Akawageukia polisi, akavuta kiti, akaanza kusimulia tangu siku ya vitunguu. Wakati wote aliosimulia, mkono wake uliofungwa ulikuwa mapajani kwangu, nimeushikilia uinuke juu kidogo, kama muuguzi alivyotuagiza.